Baraza Niliyoipaka Ijumaa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado naushika mkono wangu wa kulia kana kwamba ndio uliovunjika. Haukuwa wangu. Ulikuwa wa baba yangu, na aliyeuvunja ni mimi, ingawa sikumgusa hata kwa kidole. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale alipoangukia, nimevaa tai.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulinipigia simu kutoka Marani ukaniuliza nikutajie rangi nzuri ya baraza yako ya mbao, kwamba ile ya zamani imebanduka na wakwe wanakuja wiki ijayo. Nikakwambia nitakujibu kesho. Ukaguna. Uliguna, usikatae, masikio yangu bado yanafanya kazi. Wewe ulitaka jina la mkebe uende dukani, na mimi jina la mkebe ninalo, lakini nikikupa hilo peke yake nitakuwa nimekudanganya. Basi nivumilie kidogo, wakwe hawajafika.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa na karakana yangu ya useremala pale Kebirigo, natengeneza milango, madirisha na viti vya kanisa, na nilijiona fundi kwelikweli. Mtu akinisifu mlango mmoja, nilikuwa natembea siku nzima nimeinua kidevu. Nyumba yangu niliijenga katika boma la baba, upande wa Itumbe, mahali ambapo ardhi imeteremka kiasi kwamba ukiangusha chungwa mlangoni utalifuata mpaka mtoni.

Desturi yetu unaijua, lakini ngoja niiseme, maana nyinyi wa siku hizi mnaitaja juu juu. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii kuketi, haingii kula, haingii hata kama mvua inanyesha. Si chuki wala si ugomvi. Ni heshima, ile tunayoiita chinsoni. Nyumba ile ni ya mwana na mkewe, na mzee akiikanyaga amejivunjia heshima yeye mwenyewe na amemvunjia mkamwana wake. Mama yangu aliingia na kutoka kama kwake. Tata, maana ndivyo tunavyomwita baba huku kwetu, alisimama nje.

Mtoto wetu wa kwanza, dada yako Moraa, alipozaliwa, tata alikuja asubuhi akasimama uani penye umande, kofia mkononi, akangoja mtoto aletwe mlangoni. Mama yako Kemunto alimtoa, tata akampokea, akamtazama sana. Hata hajamaliza kumtazama, manyunyu yakaanza. Akamrudisha mtoto, akavaa kofia yake, akashuka zake kwenda kwake. Mimi nilibaki mlangoni namwangalia mgongo, roho ikaniuma. Nikajiambia, huyu mzee hatasimama uani kwangu tena kama mtu aliyekuja kuuza mayai.

Ndipo nikajenga baraza. Sikuijenga ya saruji, kwa sababu mteremko ule ungekula mawe ya lori zima. Nilisimamisha nguzo za mkaratusi, nikalaza mbao za saipresi juu yake, nikaweka vidato vitatu na mahali pa kushikia. Kabla ya kupiga msumari wa kwanza nilimwita baba yangu mdogo aje aseme kama baraza nayo inahesabiwa kuwa nyumba. Alizunguka, akapima kwa fimbo, akafikiri mpaka nikaanza kuogopa. Mwisho akasema niache nafasi kati ya baraza na ukuta, na isiwe na paa moja na nyumba. Nikaacha nafasi ya shubiri mbili, na paa sikuweka kabisa. Jua lilikuwa lake na mvua ilikuwa yake.

Niliipaka ile rangi ya mafuta inayonywewa na mbao, na nilifanya taratibu, kila ubao kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku ya kwanza tata alipanda vidato vile, akaketi, akanyoosha miguu. Kemunto akamletea uji, akamwekea Moraa mapajani. Kuanzia hapo, kila siku akishapeleka majani chai yake kwenye kituo cha kununulia chai, kama mbingu imekubali, saa kumi ungemkuta pale. Alimbeba mtoto akamwonyesha vilima kimoja kimoja na kumtajia majina yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na watu wote, lakini na yule mtoto aliongea kama cherehani. Mimi nikirudi kutoka kazini nilikuwa nasimama njiani kwanza, nawasikiliza. Sijawahi kujenga kitu kilichonifurahisha moyo kama zile mbao.

Sasa, mbao zinazolala nje zina mambo yake. Mlango unapigwa na mvua ubavuni, maji yanateremka. Sakafu ya nje inapigwa utosini, maji yanakaa. Kufikia mwaka wa tatu ile rangi ilikuwa imechoka. Pale tata alipoweka miguu palikuwa peupe, pembeni pamekuwa peusi, na upande wa kivulini pameota ukungu wa kijani. Tata aliona. Siku moja alikwaruza ubao kwa ukucha, akaniambia, "Bosire, hizi zinataka kuoshwa." Nikasema ndiyo tata, wiki ijayo. Nilikuwa na milango ya watu. Wiki ijayo ikazaa wiki nyingine, wewe unazijua hizo wiki.

Kisha kanisani nikachaguliwa kuwa shemasi. Tangazo likatolewa kwamba mzee wa kanisa na kwaya watakuja nyumbani kwangu Sabato inayofuata, alasiri, kuomba na kuimba. Hapo ndipo baraza yangu ilipoanza kuniaibisha. Miaka mitatu sikuiona, siku moja nikaiona yote. Nikafikiria waimbaji wamesimama pale na sare zao, juu ya ukungu, kwa fundi. Aibu gani hiyo?

Lakini kazi ya karakana ilinibana mpaka Alhamisi jioni, na usiku huo ikanyesha. Ijumaa saa nne nikafika nyumbani na mkebe wa vanishi ya samani, ile ya kung'aa, niliyoichanganya na rangi ya mkangazi. Mbao zilikuwa bado na unyevu. Na Ijumaa, kwa sisi watu wa Sabato, si siku ya kawaida. Jua likizama, brashi inawekwa chini, upende usipende. Kwa hiyo kila mara nilipoinua macho nilikuwa naangalia jua, si mbao.

Kemunto alikuja akasimama na ungo wake wa wimbi. Yeye hakuwa fundi lakini alikuwa na macho. Akaniambia, "Baba Moraa, si utaukwangua huo ukungu kwanza?" Nikamwambia hii dawa ni kali, itaufunika. Akasema kwamba mbao zimelowa. Nikamwambia jua lipo, zitakauka zikiwa ndani ya rangi. Hebu sikia maneno ya mtu mzima. Akanyamaza, akarudi na ungo wake. Nami nilimshukuru Mungu kwamba amenyamaza, badala ya kumshukuru kwamba alisema.

Nilifagia kwa ufagio, nikapaka. Kazi ya bora liende. Nilipaka juu ya rangi kuukuu, juu ya ukungu, juu ya maji. Nikapiga mkono wa pili kabla wa kwanza haujashika. Jua lilipogusa kilima nikafunga mkebe, nikarudi nyuma nikatazama. Mwanangu, iling'aa! Niliita majirani waione. Hata Kemunto alikubali kwamba inapendeza, ingawa alisema hivyo akiwa mbali.

Sabato alasiri tata alifika kabla ya wageni wote. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na viatu vya ngozi. Alisimama kwenye kidato cha juu, akaiangalia ile baraza kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani. Akauliza, "Nikanyage?" Mimi nikacheka, nikamwambia, tata, si ni yako? Akakanyaga. Akaketi kwenye kiti chake, Moraa akamrukia.

Wageni walikuja, wengine wakaingia ndani, wengine wakajaa pale nje. Mzee wa kanisa aliisifu baraza mbele ya watu. Nilijibu kwa unyenyekevu wa uongo, nikarekebisha tai. Kwaya ilikuwa kwenye wimbo wa pili manyunyu yalipoanza. Watu wakasogea kuelekea mlangoni. Tata, ambaye mlango ule haukuwa wake, akainuka na Moraa mikononi ili ashuke vidato aende kwake.

Niliona kiatu chake kinakwenda. Vanishi ilikuwa imekauka juu tu, chini ilikuwa bado laini, na chini yake kuna ukungu. Uzito wa mtu ulipoegemea pale, ile ngozi ya juu ilitoka kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, ikaondoka na mguu. Hakuwa na mkono wa kujishikia, yote miwili ilikuwa na mtoto. Katika kuanguka akamwinua Moraa juu, akamwachia mwimbaji mmoja aliyekuwa karibu, ndipo mkono wake wa kulia ukatangulia chini. Nilisikia ukivunjika. Sitaki kukwambia ni sauti gani.

Moraa hakupata hata mkwaruzo. Alilia kwa kushtuka tu.

Mvua ikaamua kuwa mvua. Tata amelala juu ya zile mbao zinazong'aa, koti la kanisani limenatana na rangi, anauma meno. Mlango wa nyumba yangu uko wazi, mkavu, hatua mbili kutoka kichwani pake. Kila mtu anasema mzee aingizwe ndani. Mzee wa kanisa mwenyewe alisema Mungu ataelewa. Na mimi, mwana niliyelelewa katika chinsoni, nikapiga magoti nikamwambia kwa mdomo wangu, "Tata, ingia ndani."

Akafungua macho. Hakunigombeza. Alisema polepole, "Siingii, Bosire. Nikilowa nitakauka. Nikiingia humo, mke wako hatanitazama tena usoni, wala mimi sitamtazama."

Wanakwaya wakashika turubai wakamfunika, tukamketisha kwenye kiti, wanaume wanne tukambeba tukashuka naye katika ule utelezi mpaka nyumbani kwake. Kila hatua naona uso wake unakunjamana. Nililia waziwazi, mwanangu, na mvua ilinisaidia kidogo tu. Baadaye tukampeleka hospitali akafungwa plasta, akarudi.

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alisema wazee huanguka. Lakini kwangu hakuja tena. Wiki ya kwanza alisema mkono unauma. Wiki ya tatu alisema kazi ya chai imeshika kasi. Plasta ikatolewa, akasema mvua ni nyingi mwaka huu. Kilichonikata maini zaidi ni kwamba aliacha kumbeba Moraa hata kule nyumbani kwake. Mtoto alikuwa anamwendea na mikono juu, na yeye anamshika kichwa tu, anamwambia, nenda kwa nyanya yako. Alikuwa haamini tena mikono yake. Imani hiyo ndiyo niliyoivunja hasa. Mfupa uliunga.

Mimi nikafanya nini? Nikafanya wanavyofanya watu wenye hatia na haraka. Nikamnunulia redio. Nikamnunulia koti jipya. Alipokea, akasema asante, akaliweka koti kwenye sanduku. Halafu nikapata wazo kwamba nitaipaka baraza mkono mwingine, rangi nzito zaidi, ninyunyize mchanga juu yake ili isiteleze. Nikaenda kumweleza mama yangu wazo langu, nikitumaini atamshawishi mzee.

Mama nilimkuta jikoni, lile jiko lake la udongo alilokataa nilibomoe. Alikuwa anataka kuusiriba ukuta upya. Lakini udongo mpya ulikuwa kwenye beseni, hajaugusa. Alikuwa na kipande cha jembe kuukuu, anakwangua ule wa zamani uliobanduka, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nilimweleza habari ya mchanga na rangi nzito. Akaendelea kukwangua mpaka nikamaliza.

Kisha akanipa kile kipande cha jembe. Akaniambia nikwangue. Nikakwangua. Aliponiona nataka kuacha mahali penye udongo uliolegea kidogo, alipagonga kwa kidole, pakalia uwazi, akasema, "Na hapo." Tulifanya vile karibu saa nzima, mimi na suruali yangu ya karakana, kazi ambayo dada zangu waliifanya wakiwa na miaka kumi. Ndipo akasema:

"Msichana akisiriba juu ya udongo uliolegea, tunamcheka, tunasema hajafunzwa na mamake. Wewe nilikufunza nini?"

Nikamrudishia kile kipande cha jembe. Akaniambia niende kwa baba yangu kabla sijaenda dukani.

Nilimkuta tata ameketi nyuma ya nyumba yake kwenye gogo, anaelekea upande wa kwangu. Niliketi chini. Nikamwambia ukweli, wote, mmoja baada ya mwingine. Kwamba aliniambia zinataka kuoshwa nikapuuza. Kwamba Kemunto alinionya. Kwamba nilijua mbao zimelowa, mimi ni fundi, nilijua. Kwamba nilikuwa naikimbilia Sabato ili watu waone. Nikasema nisamehe tata. Sikuongeza "lakini."

Aliendelea kutazama upande wa kwangu. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Uliijenga kwa ajili yangu. Ukaipaka kwa ajili ya wageni."

Basi. Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sijapata kusikia neno lililoniingia kama hilo. Lingekuwa tusi ningelisahau. Baada ya kitambo akaniuliza kama nimekula.

Nilingoja Januari, mvua zikatike. Nikafunga karakana. Nikawaambia wateja milango yao itachelewa, mmoja akaenda kwa fundi mwingine, nikamtakia heri. Nikaanza upya na zile mbao, na hapa sikiliza vizuri maana ndiyo kazi uliyoniuliza.

Kwanza nilizifunika mboga za Kemunto zilizokuwa chini, chinsaga na managu, kwa nailoni, kwa sababu dawa niliyotumia ni ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Nilivaa glavu na viatu vya mpira, nikamfungia Moraa ndani asitoke. Soda hiyo inawekwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya soda, itakurukia usoni. Nilipaka kwa brashi ya katani, kipande kidogo kidogo, nikaacha mpaka rangi ile ikavimba na kukunjamana ikawa kama uji uliokatika. Halafu nikakwangua, nikifuata nyuzi za mbao, si kwa kuzikata. Nikasuuza kwa maji mengi. Jirani alikuja na wazo la mashine ya kuoshea magari, eti itanimalizia kwa nusu saa. Nilimjaribia kwenye ubao mmoja wa mwisho, ukasimama manyoya kama paka aliyeona mbwa. Nikamrudishia mashine yake.

Soda huacha mbao nyeusi, usishtuke. Nilikamua malimau, ndoo nzima, nikachanganya na maji nikaosha nayo. Mwanangu, ungeona mbao zinavyofungua macho! Rangi yake ya saipresi ikarudi, ile ya siku ya kwanza. Nikasuuza tena. Halafu ikaja sehemu ngumu kuliko zote, nayo ni kutofanya kitu. Siku sita niliziacha zikauke. Kila asubuhi nilimwaga tone la maji juu ya ubao. Likikaa kama shanga, au likienea tu bila kuingia, bado. Siku ya saba tone likanywewa nikiliangalia. Nilipiga msasa, si laini sana, maana ubao uliolainishwa kama kioo haunywi. Nikazamisha vichwa vya misumari. Ndipo nikapaka rangi ya mafuta, nyembamba, ubao mmoja mwanzo hadi mwisho bila kusimama katikati, na iliyobaki juu nikaifuta kwa kitambaa. Vile vitambaa vyenye mafuta nilivitandaza juani, sikuvirundika, huwa vinajiwashia moto vyenyewe.

Katika siku zile tata alikuwa anapita njia ya juu na kikapu chake. Siku ya kwanza alipita. Siku ya pili alipita polepole. Siku moja alinikuta namwaga tone la maji, akasimama kwenye ua akauliza, "Limeingia?" Nikasema bado, tata. Akaenda zake. Sikumwita. Nilikuwa nimejifunza angalau hilo.

Baraza ilipokauka sikualika mtu. Haikung'aa. Ukiiona kutoka barabarani hungejua kuna kazi iliyofanyika. Ilikuwa Jumanne, saa kumi, Kemunto anapepeta, mimi nanoa randa. Tata akaja na nguo zake za shambani. Alifika kwenye vidato akavua viatu, akavipanga chini. Akapanda peku. Alitembea ubao kwa ubao, kuanzia upande wa kivulini, anasugua kwa wayo kama mtu anayezima moto wa kaa moja. Alipofika pale alipoangukia aliinama, akaweka kiganja chake cha kulia, kile kilichokuwa kimevunjika, akakandamiza kwa uzito wake wote. Mimi randa niliiweka chini. Kemunto naye ungo ulikuwa umesimama hewani.

Akaketi kwenye kiti. Akanyoosha mikono yake miwili.

"Nipeni mtoto," akasema.

Kemunto alimletea. Sikumwona vizuri akimbeba, macho yalikuwa yameniharibikia. Ila nilisikia anaanza, kilima cha kwanza, cha pili, na Moraa anamsahihisha.

Aliketi pale miaka kumi na minne zaidi. Kila Januari niliziosha mbao, na kila mwaka wa pili au wa tatu nilizivua rangi nikazipaka upya, hata mwaka ule mgongo ulipokuwa unaniuma. Katika nyumba yangu hakuingia hata siku moja, mpaka tulipomzika.

Sasa nikwambie, mwanangu. Vua rangi ya zamani kwanza, yote, hata pale unapoona imeshikilia kidogo. Mbao zikauke mpaka zikauke, si mpaka uchoke kungoja. Paka kidogo, futa kinachozidi. Kama wiki moja haitoshi, na haitoshi, wapigie wakwe zako uwaambie waje mwezi ujao, au waje wakute baraza yako uchi na wewe unakwangua. Hawatakudharau kwa hilo. Mkwe anayemwona kijana anakwangua kwa bidii hulala akijua binti yake yuko mahali salama. Na mkeo akija na ungo wake akakwambia neno, weka brashi chini umsikilize. Ukimkosea mtu, usimpelekee redio. Mpelekee ukweli kwanza, redio itafuata.

Na kabla hujachovya brashi, jiulize ni nani atakayekanyaga hapo wageni wakishaondoka. Ni mama yako na fimbo yake. Ni mtoto anayejifunza kutembea. Hao ndio uwapakie.

Mungu akupe mkono mtulivu na Januari ndefu. Akujalie wazee watakaoketi kwako bila hofu, na watoto wa kuwajaa mapajani. Mbao zako zisimwangushe mtu, na moyo wako usiwe na kitu kilicholegea chini ya rangi. Nyasae, Mungu wetu, akubariki, wewe na nyumba yako, na wote watakaosimama nje yake.